Nyoka Hakohoi

Wasee, Eldoret ni mji wa mapafu. Tumekaa kama mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na wakimbiaji wanatoka kila pembe ya dunia kuja hapa, Kaptagat na Iten kutafuta hii hewa yetu nyembamba. Kipchoge Keino alipomwacha Mmarekani Jim Ryun nyuma kule Mexico City mwaka 1968, kwenye mbio za mita 1,500, ulimwengu ulianza kuuliza mapafu ya watu wa huku yametengenezwa na nini. Bado wanauliza. Hapa hata mtu wa boda pale Langas atakupa somo la pumzi bila malipo.

Sasa uliza mji huohuo swali dogo: nyoka anapumua vipi? Na akiugua kifua, utajuaje? Watu watacheka. "Nyoka na homa, wapi na wapi?"

Leo nataka tukae na hicho kicheko, kwa sababu kina historia. Kwa zaidi ya miaka mia moja nchi hii imewakamata nyoka, imewatia kwenye chupa za spiriti, imewaonyesha kwa tiketi, imewakamua sumu. Tunajua sana kile nyoka anachoweza kutufanyia sisi. Kile ambacho baridi na uchafu wa masanduku yetu vinaweza kumfanyia yeye, tunajua kidogo, na mara nyingi tunajua tukiwa tumechelewa. Na siku hizi kuna vijana wa rika langu wanaofuga nyoka huku kwenye baridi, wengine kwa kibali, wengine kwa siri chini ya kitanda. Hao nyoka wanakufa kimyakimya. Maoni yangu ni haya: wengi wao hawauawi na ugumu wa ugonjwa. Wanauawa na sisi kutoamini kwamba nyoka anaweza kuwa mgonjwa.

Tuanzie nyumbani.

Mwaka 1909 Mwingereza mmoja, Alfred Claud Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu Wanandi, majirani zetu hapa. Aliandika kwamba nyoka akiingia nyumbani na kupanda kitanda cha mwanamke, haruhusiwi kuuawa. Alichukuliwa kuwa roho ya jamaa aliyefariki, ametumwa kumwambia mama kwamba mtoto atakayefuata atazaliwa salama. Akawekewa maziwa chini. Najua, nyoka hana shughuli na maziwa, hilo tuliache. Kinachonigusa ni adabu. Kulikuwa na nafasi, hata kama ni ndogo, ambapo nyoka ni mgeni na si adui. Mtu anayemwekea mgeni kitu cha kunywa anajali kama atafika kesho.

Halafu wakaja wakusanyaji.

Arthur Loveridge alifika Nairobi mwaka 1914 kuwa mtunzaji wa jumba la makumbusho lililoanzishwa na chama cha wapenda viumbe, wengi wao walowezi. Alikusanya nyoka, mijusi na vyura Afrika Mashariki nzima, na mwaka 1924 akaenda kufanya kazi katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard. Nyoka wetu wengi waliandikwa majina ya kisayansi na yeye. Kazi kubwa, siikatai. Lakini nyoka wa Loveridge kwa sehemu kubwa ni nyoka wa kwenye chupa. Unahesabu magamba yake, unapima mkia wake, unamwandikia lebo. Pumzi si sehemu ya hesabu.

Kule Tanganyika alikuwepo C.J.P. Ionides, yule waliyemwita Bwana Nyoka. Alikuwa mhifadhi wa wanyamapori kusini, na jina lake halitenganishwi na Selous. Baadaye akakaa Newala akikamata nyoka kwa maelfu, wengine wazima kabisa, akiwapeleka kwenye makumbusho na bustani za wanyama za ng'ambo. Alikufa mwaka 1968 na kuzikwa kwenye mlima Nandanga, ndani ya mbuga aliyoipenda. Hebu fikiria safari za hao nyoka. Umetolewa kwenye joto la Newala, umetiwa mfukoni, mfuko umetiwa sandukuni, sanduku limepakiwa kwenye gari, kisha meli au ndege, hadi mji ambao nje kuna theluji. Mtu yeyote anayejua kitu kuhusu kifua cha nyoka, akisoma historia hiyo, anasikia filimbi kwenye tundu za pua.

Wakati huohuo, kulikuwa na mnyama mwingine ambaye mapafu yake yalikuwa mambo ya serikali. Ng'ombe. Homa ya mapafu ya ng'ombe iliwatesa wafugaji wa ukanda huu kabla hata ya reli kufika Kisumu. Maabara ya mifugo ya Kabete ilijengwa mapema kabisa katika ukoloni, na miaka ya mwanzo ya 1950 kimelea kilichopatikana Tanganyika, kilichopewa jina T1, kikawa msingi wa chanjo inayotumika Afrika hadi leo. Mzee yeyote wa Uasin Gishu anajua ng'ombe anayepumua kwa shida anasimamaje: viwiko vimetanuka, shingo imenyooka, mdomo wazi. Elimu hiyo ilizaliwa kwa sababu ng'ombe ni mahari, ni maziwa, ni karo. Nyoka hajawahi kulipia mtu karo.

Sawa, nimetia chumvi. Wapo waliolipiwa karo na nyoka, na hapo ndipo hadithi inapogeuka.

Mwaka 1961 ilifunguliwa bustani ya nyoka kando ya Makumbusho ya Nairobi, enzi za Louis Leakey. Mwanawe Jonathan, yule aliyechimbua mabaki ya mtu wa kale Olduvai mwaka 1960, aliyaacha mambo ya mifupa na kujenga biashara ya sumu ya nyoka pale Baringo. Huku kwetu magharibi, Kitale ilipata makumbusho ya taifa mwaka 1974, ikirithi mkusanyiko wa Kanali Stoneham, na nyoka wakawekwa hapo pia. Watoto wengi wa shule za Trans Nzoia na Uasin Gishu walimwona chatu kwa mara ya kwanza Kitale, wakiwa wameshikana mikono kwa woga. Mwaka 1980 James Ashe, aliyekuwa mtaalamu wa nyoka wa makumbusho ya Nairobi, alianzisha pamoja na mkewe Sanda shamba la nyoka la Bio-Ken kule Watamu. Yule swila mkubwa anayetema sumu, aliyetambuliwa kuwa spishi yake peke yake mwaka 2007, amepewa jina la Ashe.

Kwa nini hili lina maana? Kwa sababu nyoka wa kwenye chupa haugui, lakini nyoka wa kukamuliwa anaugua. Anayeishi kwa sumu ya nyoka lazima nyoka aishi. Watunzaji wa bustani hizi ndio Wakenya wa kwanza waliolazimika kumtazama nyoka kama mgonjwa, asubuhi baada ya asubuhi. Walijifunza kwa macho na mikono. Elimu yao ilikaa kwenye vichwa vyao na mikoba yao ya kazi. Haikuja darasani kwetu, haikuja sokoni.

Na angalia ramani. Baringo ni joto. Watamu ni joto na unyevu wa bahari. Hapo chatu anapata nusu ya dawa yake bure kutoka kwa jua. Sisi wa Eldoret tunapata Julai.

Tuje mwaka 1987, kwa sababu huo ndio mwaka ambao Kenya yote iliuliza swali langu.

Nyakach, upande wa Ziwa Victoria, kulikuwa na chatu jike aliyeitwa Omieri. Kwa Waluo wa huko hakuwa nyoka tu. Kuja kwake kulimaanisha mvua na mavuno, na kumdhuru kulimaanisha balaa. Mwaka huo moto wa nyasi ukamuunguza. Ndio mwaka uleule nchi ilikuwa imegawanyika juu ya kesi ya mazishi ya wakili S.M. Otieno, na katikati ya kelele hizo magazeti yakapata nafasi ya chatu mgonjwa. Watu wa makumbusho wakamchukua ili atibiwe. Akafa akiwa mikononi mwa waliomtibu, na kuna watu walimlilia kama mtu.

Wengi wakisimulia habari za Omieri wanaisimulia kama kichekesho cha ushirikina. Mimi naiona tofauti. Kwa mara ya kwanza hadharani, Wakenya waliuliza: nani anajua kumtibu nyoka? Wapi kuna wodi yake? Anapewa dawa gani, kiasi gani? Yeyote aliyetaka chatu yule atibiwe alikuwa mbele ya wakati wake kuliko wengi wetu wenye simu za bei. Na mwaka 2003, chatu mwingine alipoonekana upande huohuo wa ziwa na kuitwa jina lilelile, ubishi ukazuka upya: aondolewe au aachwe? Waliotaka aachwe walikuwa na sababu zao za jadi. Lakini daktari yeyote wa reptilia atakwambia kwamba kumkamata na kumhamisha nyoka ni mzigo mzito kwa mwili wake, na mwili uliolemewa ndio unaofungulia ugonjwa mlango. Mara nyingine jadi na sayansi hukutana njiani bila kupanga.

Huko nje sayansi ilikuwa inasogea. Mwaka 1972, kwenye nyumba moja ya nyoka Uswisi, nyoka wenye sumu wa Amerika ya Kusini walianza kufa kwa wingi wakiwa na matatizo ya kupumua. Uchunguzi ukaonyesha kirusi, wa jamaa moja na kile cha surua. Kwa hivyo nyoka naye ana virusi vya kifua, vinavyoruka kutoka sanduku hadi sanduku. Mwaka 2014 watafiti wakaeleza kirusi kingine, cha kundi la nidovirusi, kwenye chatu wadogo wa Afrika Magharibi, wale wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Chatu hao wametolewa Ghana, Togo na Benin kwa wingi wa kutisha ili wafugwe Marekani na Ulaya. Yaani Afrika inatoa nyoka, Ulaya inatoa jina la ugonjwa. Hadithi ya Loveridge haijaisha, imebadilisha chupa tu.

Sasa tuingie ndani ya nyoka mwenyewe, maana hapa ndipo kila kitu kinaeleweka.

Nyoka wengi wana pafu moja la kufanya kazi, la kulia. La kushoto limesinyaa au halipo kabisa. Chatu anayo yote mawili, la kushoto likiwa dogo. Hana kile kiwambo cha misuli ambacho wewe unatumia kuvuta hewa, anapumua kwa misuli ya mbavu. Na kwa sababu hana kiwambo, hawezi kukohoa vizuri kama wewe. Wewe ukipata makohozi unayatema. Yeye yanabaki kwenye mfuko mrefu mwembamba. Tena usaha wake si majimaji kama wetu, unaganda kama jibini na kushikilia. Ongeza hapo kwamba hajitengenezei joto: kinga yake inafanya kazi kulingana na joto la mahali alipo. Mpoze nyoka, umepoza na askari wake.

Ndiyo maana ishara zake ni ndogo na zinakuja zikiwa zimechelewa:

Anapumua mdomo ukiwa wazi, wakati hapigi miayo baada ya kula.

Unasikia filimbi, mkoromo au mlio wa kubofya kila anapovuta hewa. Tofautisha na kufoka, bafe akikufokea yuko sawa kabisa. Pia nyoka anayekaribia kujivua ngozi anaweza kupiga filimbi kidogo kwa sababu ngozi ya zamani imeziba pua. Ikiendelea baada ya kujivua, huo ni ugonjwa.

Povu au kamasi kwenye pua na pembe za mdomo, au alama za kamasi kwenye kioo asubuhi.

Anainua kichwa juu na kukaa hivyo, shingo imenyooka. Anatafuta njia ya hewa. Ni kusimama kwa yule ng'ombe wa mzee, tofauti ni kwamba huyu hana viwiko vya kutanua.

Hali, amelegea, hataki kuhama upande wa joto au hataki kuutoka.

Baada ya kuacha chuo nilipata kibarua mahali fulani penye kibali cha kuonyesha wanyama. Kulikuwa na chatu aliyekaa siku kadhaa kichwa kikiwa juu, na wageni walipenda sana kumpiga picha, wakisema anatuangalia. Usiku taa ya joto ilizimwa kuokoa stima. Nilisema huyu anaumwa kifua, nikaambiwa nyoka ni nyoka, hana homa. Jumatatu tulimkuta amenyooka. Mdomoni kulikuwa na kitu cha manjano, kigumu. Hakuna aliyempeleka kupimwa, akafukiwa nyuma ya ua. Jina la mahali halina maana. Sentensi ile ndiyo yenye maana, kwa sababu imesemwa nchi nzima kwa miaka mia.

Kwa hivyo, wewe uliye na nyoka kihalali, fanya hivi.

Pima joto kwa kipimajoto, usipime kwa mkono. Chatu wengi wanaofugwa wanahitaji upande wa joto wa nyuzi 30 hadi 32 hivi, na upande wa baridi kidogo wa nyuzi 25 hivi, ili achague mwenyewe. Usiku wa Eldoret unashuka hadi nyuzi 10 na chini yake. Nyumba ya mabati bila joto la ziada si makao ya chatu. Stima ikipotea, chupa za maji moto zilizofungwa kwa kitambaa zinasaidia. Jiko la makaa, hapana. Moshi na gesi yake vinamaliza mapafu haraka kuliko baridi, na vitakumaliza na wewe.

Unyevu nao una mipaka. Sanduku kavu linakausha njia ya hewa, sanduku lililoloa bila matundu linafuga vijasumu. Ondoa kinyesi siku hiyohiyo. Angalia utitiri, wale wadudu wadogo weusi wanaojificha chini ya magamba na kwenye bakuli la maji, wananyonya damu na kumdhoofisha. Nyoka mgeni akae chumba chake peke yake miezi miwili au mitatu kabla ya kukutana na wengine. Uswisi ya 1972 inatosha kutufundisha hilo.

Ukiona ishara, mtenge, hakikisha upande wa joto uko kwenye kiwango cha juu kinachofaa aina yake, acha kumlisha hadi daktari aseme, na mpeleke kwa daktari wa mifugo. Usimpe vidonge ulivyobakisha ulipougua wewe. Daktari anaweza kuchukua kamasi apime ni kijasumu gani, kisha achague dawa. Mwili wa nyoka uko polepole, kuna antibiotiki ambayo mtu hupewa mara kadhaa kwa siku lakini nyoka anadungwa mara moja kila siku tatu. Ukikisia kipimo, unaua figo. Na matibabu ni wiki, si siku. Akipata nafuu usikimbilie kuacha.

Kama daktari wako hajawahi kumgusa nyoka, usimcheke. Mwombe awasiliane na watu wa bustani za nyoka. Elimu ile ya mikobani iko bado, inahitaji tu kuulizwa.

Na wewe uliye naye kwa siri: chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa. Lakini siongei kama polisi. Naongea kuhusu mapafu. Siri ndiyo inayoua, kwa sababu mwenye siri haendi kwa daktari. Anaogopa kuulizwa amemtoa wapi. Anakaa na mgonjwa wake gizani, anamwona akiinua kichwa usiku kucha, na hana wa kumpigia simu. Kama huwezi kumtoa nje akiugua, basi hukupaswa kumwingiza ndani akiwa mzima. Muache msituni. Chatu wa porini anajitafutia jua mwenyewe.

Mimi sitaki kila mtu wa Eldoret apende nyoka. Shosho akikimbia, akimbie. Ninachotaka ni kidogo: wanafunzi wa udaktari wa mifugo waulize kuhusu kifua cha nyoka kama wanavyouliza kuhusu cha ng'ombe. Wenye bustani za wanyama wahesabu stima ya usiku kama chakula, si kama anasa. Na yule mtoto anayeenda Kitale na shule yake, akimwona chatu amenyoosha shingo juu na mdomo wazi, asiseme tu "anatuangalia". Amuulize mwalimu kama yule nyoka yuko sawa.